Mume wangu anasema ni filamu tu, lakini mimi silali

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Tabata, na mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu. Hupakia mzigo bandarini, akapita Tunduma kwenda Zambia, na wakati mwingine hufika hadi Lubumbashi, kwa hiyo safari moja ikikutana na foleni ya mpakani inaweza kumweka mbali nasi kwa wiki kadhaa. Akirudi tunakuwa naye siku chache tu. Starehe yake kubwa siku hizo ni kuwekewa filamu mpya kwenye flashi, kusubiri watoto walale, kuzima taa ya sebuleni na kutazama pamoja nami. Anapenda filamu za upelelezi na mauaji, zilizotafsiriwa na zisizotafsiriwa, na kadiri zinavyotisha ndivyo anavyozisifia.

Sijawahi kuzipenda filamu hizo. Nilizizoea kwa sababu huo ndio muda pekee anaokaa karibu nami bila simu ya tajiri wake kuita. Sasa ni zaidi ya mwezi tangu alipoleta filamu moja inayomhusu mtu anayewafuatilia wanawake ambao waume zao hawalali nyumbani. Anajifunza ratiba ya nyumba, anajua taa ipi huzimwa saa ngapi, kisha anaingia. Shangazi, filamu hiyo haikuonyesha damu nyingi. Kilichonivunja ni sehemu ambayo mtoto amejificha uvunguni mwa kitanda, zinasikika nyayo na pumzi za yule mtu, na kinachoonekana ni viatu vyake tu. Niliinuka nikaenda chumbani. Mume wangu alicheka, akasema, "Mama Idrisa, hiyo ni muvi tu, watu wanalipwa," akaendelea kuitazama hadi mwisho.

Tangu alipoondoka silali. Ninarudia kukagua makomeo ya mlango wa mbele na wa nyuma hadi ninasahau nimekagua mara ngapi, ninaacha taa ikiwaka usiku kucha, na paka akitembea juu ya bati moyo unanienda mbio. Usiku mwingine macho yanafunguka lakini mwili hausogei wala sauti haitoki, nami ninahisi kuna mtu amesimama pembeni ya kitanda. Mama mkwe anasema ni jinamizi, na kwamba nimelikaribisha mwenyewe kwa kutazama mambo ya kishetani, anataka nikasomewe. Nimejilazimisha nisiifikirie ile picha ya viatu, lakini kadiri ninavyoifukuza ndivyo inavyorudi, hata asubuhi nikiwa jikoni. Juzi Idrisa, ambaye ana miaka tisa, amenieleza kwamba usiku ule alichungulia mlangoni, na sasa hataki kwenda chooni peke yake.

Sijamwambia mume wangu. Anarudi amechoka, na ninaogopa kwamba ataniona mtoto, au ataanza kutazama filamu zake peke yake nami nikose hata ule muda mdogo. Niongeze jambo moja ambalo huenda halihusiki. Nilipokuwa darasa la tano, kwetu Morogoro, majambazi walivunja mlango usiku, wakamfunga baba kamba na kumpiga, nami nilikuwa uvunguni mwa kitanda hadi walipoondoka. Baba alipona, na nyumbani hatukulizungumza tena. Mume wangu halijui.

Je, huu ni ugonjwa? Nifanye nini usiku akiwa safarini? Na je, nimzuie kuleta filamu hizo nyumbani?

Mama Idrisa (si jina langu halisi), Tabata

*

Marahaba, Mama Idrisa.

Nitaanza na lile ulilosema huenda halihusiki, kwa sababu kwa maoni yangu ndilo linalobeba barua yako yote. Mtoto wa darasa la tano alilala uvunguni mwa kitanda akisikiliza nyayo za watu waliokuwa wakimpiga baba yake. Miaka mingi baadaye, akiwa mke na mama, aliketi gizani akaonyeshwa mtoto aliye uvunguni akisikiliza nyayo. Sioni utoto wowote katika hofu hiyo. Mwili wako ulilitambua tukio kabla akili haijapata nafasi ya kukukumbusha kwamba uko sebuleni kwako, na ukarudia kile kilichokusaidia kuvuka usiku ule wa Morogoro: kukaa macho, kunyamaza, na kungoja watu waondoke. Tatizo ni kwamba safari hii hakuna mtu wa kuondoka, na kwa hiyo kungoja huko hakufiki mwisho.

Kauli ya mume wako kwamba ni filamu tu ni ya kweli, lakini haikusaidii, kwa kuwa wewe hukuwahi kudhani kwamba yale yalikuwa mauaji ya kweli. Filamu za namna hii hutengenezwa na mafundi wanaojua vizuri mahali hofu inapopitia, na mara nyingi haipitii kwenye damu. Ulionyeshwa viatu, ukasikilizishwa pumzi, na sehemu iliyobaki ukaijaza mwenyewe kwa kumbukumbu zako, kama mtengenezaji alivyotarajia kila mtazamaji aijaze kwa zake. Mume wako, kwa kadiri tunavyojua, hakuwa na kumbukumbu ya kujazia hapo. Ndiyo maana mlitazama kioo kimoja na kila mmoja akaona jambo lake.

Kama atahitaji ushahidi, mpe huu. Katika filamu ya Psycho ya mwaka 1960, iliyoongozwa na Alfred Hitchcock, kuna tukio maarufu la mwanamke kuuawa bafuni. Tukio lenyewe halifiki dakika moja, ingawa kulipiga picha kulichukua takriban wiki nzima. Filamu ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, na ile "damu" inayotiririka sakafuni ilikuwa sharubati ya chokoleti. Sehemu kubwa ya kitisho inatoka kwenye muziki wa fidla uliotungwa na Bernard Herrmann. Mwigizaji aliyekuwa ndani ya bafu hilo, Janet Leigh, aliijua ile chokoleti na aliziona kamera zote zilizomzunguka. Hata hivyo alieleza baadaye kwamba, baada ya kuitazama filamu ikiwa imekamilika, aliacha kuoga chini ya bomba la mvua, na pale alipolazimika alihakikisha kwanza kwamba milango na madirisha vimefungwa. Ikiwa mtu aliyelipwa kuigiza kifo hicho hakukingwa na kujua kwamba ni filamu, sioni kwa nini mama anayebaki peke yake na watoto wawili alaumiwe kwa kukagua makomeo.

Unauliza kama huu ni ugonjwa. Mimi si daktari, na hakuna anayeweza kumpima mtu kwa kusoma barua yake, lakini ninaweza kukueleza mpaka ambao madaktari wenyewe wameuweka. Mwongozo wa magonjwa ya akili unaotolewa na chama cha madaktari wa akili cha Marekani, katika toleo lake la 5 la mwaka 2013, unapoeleza mfadhaiko unaofuata kiwewe hauhesabu kutazama tukio kwenye runinga au filamu kuwa chanzo chake, isipokuwa kwa mtu anayetazama picha za aina hiyo kwa sababu ya kazi yake. Kwa hiyo, kama jambo lingekuwa filamu peke yake, ningekushauri uvute subira, kwani kwa watu wengi hofu hiyo hupungua yenyewe kadiri siku zinavyopita. Lakini mtoto kushuhudia mzazi wake akifungwa na kupigwa ni jambo ambalo mwongozo huohuo unalihesabu, na dalili zinazodumu zaidi ya mwezi, kama zako, ndizo zinazostahili mtaalamu akae na mtu na kumsikiliza.

Nenda, mwanangu. Kwa mkazi wa Tabata, hospitali ya rufaa ya mkoa ya Amana, pale Ilala, ndiyo iliyo karibu. Ulizia huduma ya afya ya akili, na ikihitajika watakuelekeza Muhimbili. Ninalokuomba ni kwamba usianze maelezo yako kwa filamu. Ukimwambia mhudumu mwenye foleni ndefu kwamba uliogopa sinema, huenda akakuambia ukapumzike. Mwambie kwamba hulali kwa zaidi ya mwezi, kwamba unahisi kuna mtu pembeni ya kitanda, na kwamba nyumba yenu ilivamiwa ukiwa mtoto. Filamu itafuata baadaye. Wala usiende ukidhani kwamba ni lazima utapewa vidonge, kwa kuwa tiba inayotegemewa zaidi kwa hali ya namna hiyo ni mazungumzo yenye mpangilio na mtu aliyesomea kazi hiyo.

Hali ya macho kufunguka huku mwili ukikataa kusogea inafahamika vizuri kwa wataalamu wa usingizi. Tunapoota, ubongo hulegeza misuli ili tusiinuke na kuzitenda ndoto zetu, na mara nyingine mtu huamka kabla ya ulegevu huo kuondoka, huku ndoto ikiwa bado imo chumbani. Huwapata zaidi watu waliokosa usingizi na wanaolala chali, nayo hupita baada ya muda mfupi bila kuudhuru mwili. Jaribu kulala kwa ubavu, na ikikujia usipambane na mwili mzima, bali jitahidi kusogeza kidole kimoja na kupumua taratibu. Dua za mama mkwe usizikatae. Kama kisomo kinakutuliza, soma kabla ya kulala na mshukuru kwa kukujali. Ninachokipinga kwa nguvu zangu zote ni ile kauli kwamba umelikaribisha mwenyewe, kwa sababu inamwongezea aibu mtu ambaye tayari amebeba mzigo, na aibu ndiyo iliyokufanya unyamaze tangu darasa la tano.

Kuhusu picha ya viatu, acha kuifukuza. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, na wenzake waliwaomba watu kwa muda wa dakika 5 wasimfikirie dubu mweupe, wakigonga kengele kila anapowajia. Dubu aliwajia mara kwa mara, na baadaye waliporuhusiwa kumfikiria, walimfikiria zaidi kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Kwa hiyo picha ikija ukiwa jikoni, ikubali, ijibu kwa sauti kwamba hivyo ni viatu vya mwigizaji, kisha endelea na kazi inayotumia macho na mikono. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford wakiongozwa na Emily Holmes waliwaonyesha watu filamu yenye majeraha na vifo, na nusu saa baadaye wakawapa baadhi yao mchezo wa Tetris, ule wa kupanga vipande vinavyoshuka kwenye kioo. Waliocheza walijiwa na picha za filamu hiyo mara chache kuliko wasiocheza katika wiki iliyofuata. Jaribio hilo lilihusu muda mfupi baada ya kutazama, na wewe umeshaupita, lakini liweke akilini endapo siku nyingine utakutana na kitu kibaya kwenye runinga: usiende moja kwa moja kitandani.

Nina jambo jingine ambalo ni maoni yangu tu. Uliondoka katikati, kwa hiyo kwako wewe yule mtu bado yuko chumbani na mtoto bado yuko uvunguni. Mume wako anajua hadithi ilivyokwisha. Akirudi, mwombe akusimulie mwisho wake kwa maneno, mchana, mkiwa barazani, bila kuiwasha. Usijaribu kuitazama tena peke yako ili ujikomaze. Sijaona mwanamke aliyepata usingizi kwa njia hiyo.

Usiku akiwa safarini, funga milango mara moja tu, kwa utaratibu uleule, ukitamka unachofunga: mlango wa nyuma, madirisha, mlango wa mbele. Baada ya hapo usirudi. Kila unaporudi unapata nafuu ya dakika chache, na hapohapo unaifundisha akili kwamba komeo haliaminiki. Ikiwa kuna komeo ambalo kweli haliaminiki, hilo litengenezwe mume wako akiwapo, na uwe na namba za simu za mjumbe wa mtaa na jirani unayemwamini, pamoja na 112 ya dharura. Taa iache iwake bila kujilaumu. Ukihofia matumizi ya LUKU, weka balbu ndogo ya korido. Na kama una mdogo wako au binamu anayeweza kuja kulala nanyi kwa kipindi hiki, mwite, umweleze sababu yenyewe badala ya kusingizia kazi za nyumbani.

Sasa tuje kwa mume wako, kwa kuwa huko ndiko ninakoona hatari kubwa zaidi kuliko filamu yenyewe. Umeandika kwamba umekuwa ukivumilia kutazama usichokipenda ili akae karibu nawe. Yeye, kwa upande wake, anaamini kwamba mke wake anafurahia. Kwa hiyo saa zile mnazoziita zenu, mmoja wenu amekuwa peke yake na hakuna aliyejua. Sidhani kwamba mume anayeendesha lori siku nyingi ili arudi aketi kochi moja na mkewe angependa mambo yawe hivyo, kama angeambiwa.

Usimweleze siku anayofika, kwa sababu atakuwa amechoka, wala usiku wa kuamkia safari, kwa sababu ataondoka na wasiwasi barabarani. Chagua siku ya katikati, watoto wakiwa shuleni. Anza na Morogoro. Mwambie, "Baba Idrisa, kuna jambo lilinipata nikiwa mdogo ambalo sijawahi kukusimulia," umsimulie lote, halafu ndipo umwambie kwamba filamu ile ilikurudisha uvunguni. Asipoelewa kwa haraka, muulize kama kuna kona kwenye mlima wa Kitonga ambayo kila akiifikia anaushika usukani kwa nguvu zaidi, kwa sababu ya ajali aliyowahi kuiona hapo. Madereva wa njia ya Tunduma wanaujua mlima huo. Hakuna anayemwita mwoga kwa kuikumbuka kona, na ninaamini akilitazama jambo lako hivyo hatacheka tena. Alicheka kwa kutojua, na hilo ulikumbuke unapozungumza naye.

Idrisa naye asiachwe. Mtoto wa umri wake anaelewa kwamba filamu ni maigizo, lakini anaelewa pia kwamba wezi wapo, na mchanganyiko huo humtisha kuliko zimwi la hadithi. Muulize aliona nini hasa, umsikilize hadi mwisho, umweleze jinsi filamu zinavyopigwa na kwamba yule mtoto wa uvunguni alikwenda kula chakula na wenzake baada ya kazi. Msindikize chooni kwa sasa, kesho usimame nusu ya njia, na hivyo hivyo hadi azoee. Asiambiwe kwamba mwanaume haogopi. Mwombe baba yake pia azungumze naye, hata kwa simu akiwa njiani, kwani kwa mtoto wa kiume neno la baba kwamba hofu si aibu lina uzito wake.

Kuhusu kumzuia mume wako, mimi nisingemzuia. Watu wengi wazima hupenda filamu za mauaji bila kuwa na ubaya wowote moyoni. Hupenda kufumbua fumbo, na hupenda kuogopa mahali ambapo wanajua hakuna kitakachowapata. Ila kuna masharti ambayo mke ana haki ya kuyaweka katika nyumba yake. Filamu za mauaji azitazame kwenye simu kwa visikizio vya masikioni, au sebuleni watoto wakiwa wamelala kweli na mlango umefungwa kwa ufunguo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 imeweka utaratibu wa filamu kukaguliwa kabla ya kuonyeshwa hadharani, na Bodi ya Filamu huzipanga kwa umri, lakini kinachonakiliwa kwenye flashi mtaani hakimfikii mnunuzi kikiwa na alama ya umri, kwa hiyo nyumbani kwenu bodi ni ninyi wawili.

Na ile saa yenu ya pamoja ibaki, mkitazama mtakachokichagua wote wawili. Kama siku moja utapenda kujaribu tena filamu ya upelelezi, iwe alasiri, taa zikiwaka na sauti ikiwa imepunguzwa, baada ya yeye kukusimulia kwanza habari yenyewe. Mkubaliane kabla ya kuanza kwamba ukisema "zima", anazima papo hapo bila swali, hata kama zimebaki dakika chache muuaji ajulikane. Mwisho wake anaweza kuutazama kesho yake, akiwa peke yake.